Maswali Magumu kwa Mjane, Mepesi kwa Waziri

Kila janga likitokea huku kwetu, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Mama ameketi juu ya godoro la msaada katika darasa lililogeuzwa kambi, kanga aliyojifunga kaazimwa, na kipaza sauti kimesogezwa hadi kidevuni. "Pole sana, mama. Unajisikiaje?" Kamera inasubiri. Akilia, habari imepatikana. Akinyamaza, swali linarudiwa kwa maneno mengine mpaka alie.

Mjadala wa maadili ya waandishi wakati wa majanga kwa kawaida huanzia na kuishia hapo, kwenye machozi na maiti. Ni mjadala wa haki. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya mwaka 2013 zilimtaka mwandishi awaendee wafiwa kwa staha, na akiwa hospitalini ajitambulishe na kuomba ruhusa. Vizuri. Lakini mwandishi anaweza kuzifuata kanuni hizo zote, akaficha sura za watoto, akaomba ridhaa ya kila mtu, na bado akaondoka eneo la tukio akiwa ametenda kosa kubwa kuliko yote: amemwuliza mjane maswali magumu, na waziri amemwuliza mepesi.

Kisa kinachotajwa sana katika madarasa ya uandishi ni cha Armero, Colombia. Novemba 13, 1985, volkano ya Nevado del Ruiz ililipuka, barafu ya kileleni ikayeyuka, na tope likaufunika mji huo na kuua zaidi ya watu 20,000. Binti wa miaka 13, Omayra Sánchez, alinaswa ndani ya maji na vifusi kwa takriban siku tatu. Mpigapicha Mfaransa Frank Fournier alimpiga picha saa chache kabla hajafa, na picha hiyo ikashinda tuzo ya World Press Photo. Watu wakamjia juu: kwa nini alishika kamera badala ya kumwokoa? Fournier hakuwa na pampu ya kuvuta maji wala zana za kumkwamua, na wala waokoaji waliokuwapo hawakuwa nazo. Miaka yote hii tumemshitaki mtu wa mwisho kufika. Ramani ya hatari iliyoonyesha kwamba Armero imekaa kwenye njia ya tope ilikuwa imetolewa Oktoba, mwezi mmoja kabla. Nani aliiona, nani aliipuuza, nani aliwaambia watu watulie majumbani? Hayo ndiyo maswali ya maadili, na yalipaswa kuulizwa wakati Omayra bado anakwenda shule.

Sisemi kwamba picha za mateso hazina kazi. Oktoba 1984, Mohamed Amin, mpigapicha wa Nairobi, alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Walichokirusha kiliitikisa dunia na misaada ikamiminika, na wapo watu walio hai leo kwa sababu ya kamera ile. Hata hivyo taarifa hizo zilimwonyesha mtazamaji ukame na njaa tu, kama kwamba yote yametoka mbinguni. Vita vya serikali ya Ethiopia chini ya Mengistu dhidi ya waasi wa kaskazini, vilivyochangia sana kuwaacha watu bila chakula, vilibaki pembeni. Machozi yalionekana, mkono uliohusika haukuonekana.

Hapo ndipo lugha yetu ya misiba inapowasaidia wakubwa. Mtu akifiwa tunamwambia kazi ya Mungu haina makosa, na ni neno la faraja, lina mahali pake. Mahali pake si kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Mfiwa akisema hivyo, anajikaza. Mhandisi aliyepewa dhamana ya kalvati akisema hivyo, anakwepa. Na mwandishi akijaribu kuuliza zaidi, ataambiwa asilete siasa kwenye msiba. Nimelisikia katazo hilo mara nyingi, na aghalabu anayelitoa si mfiwa. Ni mtu mwenye la kujibu.

Tazama Mai Mahiu, Kenya. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalishuka kwa kishindo na kuzoa nyumba na familia nzima huko Kamuchiri, katika kaunti ya Nakuru. Makumi ya watu walikufa. Taarifa za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema si bwawa: maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuzibwa na magogo, mawe na udongo, kisha yakapasua. Kwa mwandishi, masahihisho hayo yalikuwa mwanzo wa kazi. Tuta lina mwenyewe. Njia ya maji inayopita chini yake ina mtu anayepaswa kuikagua kabla ya mvua. Nani, na mara ya mwisho alikwenda lini? Miezi kadhaa nyuma, Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba mvua za El Niño hazitafikia kiwango cha maafa. Novemba mafuriko yakaua watu. Kuziweka kauli kama hizo mbele ya aliyezitoa na kuuliza ziliathiri vipi maandalizi ya msimu uliofuata, si uchochezi. Ni kazi ya kawaida ya dawati la habari.

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mfano mwingine. Jioni ya Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikashuka hadi pembezoni mwa mji. Watu walikimbia usiku, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda, na watoto wakapotezana na wazazi. Picha zilikuwa za kutisha na zilisambaa kila mahali. Jambo lililopata nafasi ndogo ni hili: kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepoteza ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa hakikuweza kulipia hata intaneti ya kupokea taarifa kutoka kwenye mitambo ya mlimani. Bili ya intaneti! Habari hiyo ingeandikwa kwa mkazo miezi sita kabla, isingemliza mtu yeyote, na huenda ndiyo maana haikupewa ukurasa wa mbele.

Sasa, kabla ya kumtupia ripota lawama zote, tuangalie amefikaje kwenye eneo la tukio. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na hawana gari. Janga likitokea kilomita 100 kutoka mjini, usafiri unaopatikana ni kiti kwenye msafara wa mkuu wa mkoa au waziri. Maji ya kunywa ni ya msafara, chakula ni cha msafara, na jioni ofisa habari atagawa posho. Msafara ukiondoka saa tisa, naye anaondoka saa tisa. Katika saa mbili alizopewa, nani atakayempata? Waziri yuko mbele yake anahutubia, na mama yuko darasani kwenye godoro. Mlinzi wa kalvati, fundi wa mitambo, ofisa ardhi aliyepima viwanja kwenye mkondo wa maji, hao hawamo kwenye msafara. Kwa hiyo habari inayotoka ina vipande viwili, ahadi na kilio, na mhariri aliyeshindwa kumlipia ripota nauli ya basi na kitanda cha usiku mmoja hana haki ya kumhubiria maadili.

Na kazi haiishii pale msafara unapoondoka. Tuje Hanang, Tanzania. Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima ilimeguka baada ya mvua kubwa, na tope likaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha ziara, na wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji na kugeuka tope. Maelezo hayo yanataka mwandishi arudi: miteremko mingine yenye miamba ya aina hiyo iko wapi, nani anaishi chini yake, na ameambiwa?

Suala la picha za maiti, kwa maoni yangu, limekwisha kuamuliwa na simu za mkononi. Zinafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla ripota hajafunga kamba za viatu. Gazeti likizichapa haliongezi chochote ila aibu.

Mhariri unayesoma haya, masika yako njiani kama kila mwaka. Mtume mwandishi mmoja sasa, jua likiwa bado linawaka, akaulize ni kalvati zipi zimezibuliwa katika wilaya yake na nani amesaini. Mpe nauli yake mwenyewe.