Mbwa mpya nyumbani: Usimwite ukiwa na fimbo mkononi

Msomaji mpenzi, je, umewahi kumlilia mbwa? Usione haya kujibu. Mimi nimemlilia, tena kwa kwikwi, nikiwa mtu mzima mwenye mume na watoto wawili.

Mbwa wetu aliitwa Simba. Hakuwa wa mbegu ya ng'ambo. Alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya hudhurungi, sikio moja limesimama na la pili limelala. Alifika kwetu Ruiru akiwa mchanga, wakati kifungua mimba wangu alikuwa na umri wa miaka mitatu, nao wakakua pamoja. Kijana alipoanza shule, Simba alimsindikiza kila asubuhi hadi langoni. Jioni, kabla hata basi la shule halijasikika, alikuwa amekwisha kujilaza hapo akimngoja. Saa hakuwa nayo, lakini wakati aliujua.

Mwezi wa Machi mwaka jana, kijana akiwa na miaka 12, nilimtuma dukani kununua maziwa. Akasahau kutia komeo. Simba akatoka nyuma yake, akaona mbwa wenzake ng'ambo ya ile barabara ya kando inayoandamana na barabara kuu ya Thika. Kijana alimwita mara tatu. Simba aligeuka, akamtazama, kisha akaendelea na safari yake. Lori la mawe ya kujengea halikuwahi kufunga breki.

Tulimzika chini ya mparachichi.

Chozi la mtoto

Jirani mmoja alinicheka waziwazi. "Wewe nawe! Mbwa ni mbwa. Chukua mwingine kesho." Sikumlaumu, kwa maana wengi wetu tumelelewa hivyo. Mbwa ni mlinzi, hula makombo na kulala nje, na akifa hutupwa. Lakini mtoto hajui mambo hayo. Kwake aliyekufa ni rafiki.

Kijana wangu hakulia. Alianza kuacha chakula mezani. Usiku aliamka mara mbili, mara tatu, kwenda kukagua komeo la lango. Baada ya majuma mawili akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ndiye niliyemuua Simba." Nikamjibu, "La, mwanangu, ni lori." Nilidhani nimemfariji, kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo. Nitarudi kwa jambo hilo hapo mbele.

Kwa sasa sikia ushauri wangu, mzazi mwenzangu. Mbwa wa nyumbani akifa, usimdanganye mtoto kwamba amepelekwa shambani kwa nyanya. Siku moja ataujua ukweli, na hapo atakuwa amepoteza mbwa na imani yake kwako pia. Mruhusu ashiriki kuzika akitaka. Mwache ataje jina la marehemu mezani. Wala usikimbilie kuleta mwingine kesho yake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini mbwa mpya juu ya kidonda kibichi hupata taabu isiyo yake.

Tena kuna sababu ya kiafya. Ikiwa mbwa wako aliuawa na parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu na kutapika, virusi vyake huweza kuishi uani kwa miezi mingi, hata mwaka. Safisha sakafu na kibanda, kisha pitisha maji yaliyotiwa Jik, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji. Mbwa mchanga asiyechanjwa asikanyage hapo.

Safari ya kutoka Thika

Sisi tulingoja hadi likizo ya Agosti. Nikasikia habari za mwalimu mmoja mstaafu huko Ngoingwa, Thika, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa watoto sita. Nilipompigia simu walikuwa na wiki tano. Akakataa katakata kunipa.

"Mwanangu," aliniambia, "anayekupa kijibwa wa wiki tano amekupa matatizo. Huyu bado yuko shuleni kwa mama yake. Njoo akitimiza wiki nane."

Mwalimu alijua asemalo. Kijibwa hufunzwa na mama yake na nduguze kwamba kuuma sana kunaumiza. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza mamia ya mbwa na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Walionyesha kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi takriban ya 12, akili ya kijibwa iko wazi kama mlango. Analokutana nalo wakati huo kwa amani, halimtishi ukubwani. Samaki mkunje angali mbichi.

Kama huna mwalimu wa Ngoingwa, liko shirika la kutetea wanyama la KSPCA huko Karen, Nairobi, lililoanza mwaka 1910. Mbwa waliookotwa hutafutiwa makao mapya huko, na wengine huwa wachanga.

Basi nikapanda matatu kutoka Thika nikiwa na katoni mapajani. Kondakta akachungulia ndani. "Na huyu naye analipa?" Abiria wakaangua kicheko. Kijibwa hakucheka. Tulipofika Juja akanitapikia sketi. Ukisafiri naye usimlishe kabla ya safari, na ubebe taulo kuukuu.

Nyumbani, binti yangu mdogo alimpa jina la Njugu kabla hajatolewa katika katoni. Kaka yake alisogea, akatazama, akasema, "Masikio yote mawili yamelala." Kisha akaenda zake chumbani.

Kosa langu

Juma la kwanza nilimwita Njugu kwa jina la Simba mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Alipokojoa kwenye zulia nilisema, "Simba hakuwa hivi!" Aliponililia usiku kucha nilisema vivyo hivyo. Siku ya nne baba watoto akainuka bila neno, akaniletea cheti changu cha diploma ya uandishi wa habari. Pembe moja haipo. Aliyeitafuna ni Simba, alipokuwa na miezi minne. Nilikuwa nimesahau.

Ndivyo moyo ulivyo. Mbwa aliyekufa tunamkumbuka akiwa mzee mwenye adabu, na aliye hai tunampima kwa kipimo hicho akiwa na wiki tisa. Ni dhuluma. Mbwa mpya hakuja kujaza nafasi ya mtu. Amekuja kutafuta nafasi yake mwenyewe.

Baada ya kuliona hilo, mambo yakawa mepesi, nayo ni haya:

Usiku: Weka katoni yake karibu na kitanda chako kwa siku chache za mwanzo. Analia kwa sababu hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Baadaye utaisogeza polepole hadi unapotaka alale.

Haja: Mtoe nje kila anapoamka, kila amalizapo kula na kila amalizapo kucheza, mahali pale pale. Akijisaidia hapo, msifu papo hapo na umpe kitu kidogo. Akikosea ndani, futa unyamaze. Kumpaka pua katika mkojo wake hakumfunzi lolote ila kukuogopa. Tandika magazeti ya zamani sakafuni, yakiwemo haya yenye makala zangu. Sitakasirika.

Kuuma: Meno ya utoto humwasha hadi kufikia miezi sita hivi. Akikuuma kidole, acha mchezo na umgeuzie mgongo. Mpe kitambaa kilicholowa maji baridi atafune.

Chakula: Mlishe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Ugali laini na matumbo au omena zilizochemshwa bila chumvi ni mwanzo mzuri, na ukiweza ongeza chakula cha dukani cha watoto wa mbwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika na kuchoma utumbo. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Dunia: Mwonyeshe mwavuli, bodaboda, mvua juu ya mabati, watoto wa jirani na mzee mwenye kofia. Kabla ya kumaliza chanjo, mbebe mikononi na usimweke chini mahali wapitapo mbwa wa mitaani.

Sindano si anasa

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kichaa cha mbwa kilirekodiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, na hadi leo kingali kinaua. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno kupona. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba katika kila watu 100 wanaoambukizwa, 99 wameupata kutoka kwa mbwa, na kwamba kati ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 40 katika 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Serikali ilizindua mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kufikia mwaka 2030, lakini mpango huo unategemea wewe na mimi. Inatakiwa angalau mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa.

Sindano ya kichaa hutolewa kijibwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Zile za parvo na distempa huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na kurudiwa hadi wiki ya 16. Dawa ya minyoo hupewa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya 12, maana minyoo hiyo huweza kuwaingia hata watoto wetu. Omba kadi na uitunze kama cheti cha kuzaliwa.

Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku iyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

Neno "njoo"

Ilikuwa siku ya sindano ndipo nilipofunguka macho. Njugu alijificha chini ya benchi la daktari wa mifugo hapa Ruiru. Daktari akaniuliza, "Mama, ukimwita huja?" Nikasema, mara nyingine. Akauliza tena, "Na akija, hukuta nini?"

Swali hilo lilinipeleka mbali. Nilimkumbuka Simba. Jumamosi tulimwita aje aoshwe kwa dawa ya kupe, ambayo aliichukia. Asubuhi tulimwita aje afungwe mnyororo. Alipoua kuku wa jirani nilimwita kwa sauti tamu, fimbo nikiwa nimeificha nyuma. Miaka tisa, na sikumbuki siku niliyomwita nikampa mema. Simba alitupenda, lakini alikuwa amejifunza vyema kabisa kwamba aitwaye huumizwa.

Jioni hiyo niliketi na kijana wangu chini ya mparachichi. Nikamwambia, "Komeo ulisahau, ni kweli. Hata mimi nimelisahau mara nyingi. Lakini ulimwita vizuri, tena mara tatu. Aliyemfunza Simba asije akiitwa ni mimi."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Sikumnyamazisha. Alipomaliza akauliza, "Njugu anaweza kufunzwa?"

Tulianza kesho yake, na mwalimu akawa yeye. Mwanzoni hatua mbili tu, ndani ya nyumba. Unachuchumaa, unasema "Njugu, njoo!" kwa furaha, akifika anapata kipande cha maini kilichochemshwa, kidogo kama punje ya haragwe. Mara kumi kwa siku, kisha basi. Wiki zilizofuata, uani. Baada ya chanjo kumalizika, nje ya lango akiwa katika kamba ya mita sita. Sheria ya nyumba ikawa moja, nayo inatuhusu sote: hakuna kumwita Njugu ili aadhibiwe. Ukitaka kumwosha au kumfunga, nenda ukamchukue mwenyewe. Akichelewa kuja, hata kwa nusu saa, akifika anasifiwa. Pia alifunzwa kuketi kila lango linapofunguliwa, asitoke mpaka aambiwe.

Mwezi jana, kijana aliyetuletea mtungi wa gesi aliacha lango wazi. Nilikuwa dirishani. Nilimwona Njugu akichomoka, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mbwa watatu. Miguu yangu ikakataa kusonga. Kisha nikasikia sauti ya mwanangu, haikuwa ya hofu wala ya ukali: "Njugu, njoo!"

Njugu akasimama. Akageuka, akamtazama. Halafu akarudi mbio, masikio yote mawili yakipepea, akaketi mbele yake kungoja malipo. Kijana hakuwa na maini. Alikuwa na nusu ya mandazi, akampa yote.

Baadaye alikwenda kutia komeo, maana mafunzo mema si badala ya lango. Lakini usiku ule hakuamka kulikagua.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Na leo jioni, mwite mbwa wako bure, akifika umpe kitu.