Kipimo kwanza, mawimbi baadaye

Wanaozungumzia vihisio vya joto vinavyorusha data hutilia mkazo nguvu ya mawimbi, lakini kwa zahanati za pembezoni kama huku Mitundu, naona hoja ianzie ndani ya friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ile ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda imeharibika, hata kama kwa macho ni ile ile. Kwa hiyo kosa la nyuzi mbili kwenye kihisio si dogo: friji iliyoshuka hadi sifuri itasomeka 2, yaani salama! Ndiyo maana kihisio huhakikiwa kwanza kwenye maji yenye barafu iliyopondwa, ambayo hukaa sifuri, kisha ncha yake huzamishwa kwenye kichupa cha glaikoli ili isishtuliwe na hewa kila mlango unapofunguliwa. Kisanduku cha kurusha data kikae nje, waya mwembamba tu upite kwenye mpira wa mlango, kwa sababu bati la friji huzuia mawimbi na baridi hudhoofisha betri.

Wapo watakaosema karatasi ya kujaza asubuhi na jioni inatosha. Usiku wa manane haumo kwenye karatasi hiyo. Wengine watasema mtandao hukatika. Kweli, ila kifaa kinaweza kuhifadhi kila kipimo pamoja na saa yake, kikatuma mtandao ukirudi, na kisifute chochote kabla ya kujibiwa kwamba kimepokelewa. Kengele nayo ilie palepale zahanati. Muuguzi aliye chumba cha pili hana haja ya kusubiri mnara.