Kabla ya Kulipa Kodi, Litazamwe Dirisha

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Katika miji midogo iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, kama Sanya Juu wilayani Siha, methali hiyo ingefaa kukumbukwa kabla ya kutia saini mkataba wa upangaji. Mpangaji mpya, awe mwalimu, muuguzi au kibarua, huoneshwa chumba na dalali kwa dakika chache. Huuliza kodi, umeme na maji, kisha hudaiwa malipo ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Dirisha haliulizwi.

Kutouliza huko kuna gharama. Ifikapo Juni na Julai, baridi huwafanya wapangaji kufunga madirisha, kuziba matundu ya hewa kwa matambara na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala huweza kufa bila kushtuka. Kwa hiyo maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu cha asubuhi, hasa vikiwapata wote waliolala chumba kimoja, visihesabiwe kuwa malaria au uchovu kabla ya kuuliza habari za jiko.

Chumba hichohicho ni makao mazuri ya kifua kikuu. Wilayani Siha ndiko iliko Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa maradhi hayo. Enzi hizo dawa hazikuwapo. Tegemeo lilikuwa hewa safi, mapumziko na lishe. Dawa zimepatikana, lakini vimelea bado husafiri hewani, na hewa isiyobadilika huviweka karibu na pua ya mtoto anayelala kando ya mgonjwa.

Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, muda uleule ambao mpangaji amekwisha kuulipia. Anapoambiwa ahamie chumba chenye hewa, fedha zake tayari zimo mikononi mwa mwenye nyumba. Ushauri huo, japo ni sahihi, kwake ni agizo lisilotekelezeka.

Yapo yanayowezekana. Mwenye nyumba aweke dirisha linalofunguka, matundu ya juu kwenye kuta mbili zinazotazamana, na kibanda cha kupikia uani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chumba kingine kipya. Akubali pia kodi ya miezi 3 kwa mpangaji anayeuguza. Mpangaji naye afungue dirisha kwa mkono wake kabla ya kufungua mkoba, na usiku wa baridi aongeze blanketi, jiko libaki nje.

Mhudumu wa afya ndiye mwenye nafasi ya kuanza. Amezoea kuuliza mgonjwa anakula nini na anakunywa dawa saa ngapi. Aongeze maswali matatu: wanalala wangapi chumbani, wanapikia wapi, na je, dirisha linafunguka? Majibu yaandikwe kwenye kadi pamoja na kipimo cha uzito. Mgonjwa hukaa kliniki saa moja. Chumbani mwake hulala kila usiku.