Hadithi ya Mapenzi Si Upuuzi

Wako wazee wetu wasemao kuwa mtunzi wa hadithi za mapenzi hupoteza wino na kupotosha mabinti. Kabla ya kumhukumu, na tumtazame Bi Balaraba Ramat Yakubu wa Kano, Nigeria, mji wenye Waislamu wengi kama ilivyo miji yetu ya pwani.

Bibi huyu aliachishwa shule akaozwa angali mtoto. Baadaye akasoma kisomo cha ngumbaru. Aliposhika kalamu angaliweza kuandika mawaidha. Akachagua mapenzi, kwa Kihausa. Katika kitabu chake Wa Zai Auri Jahila?, yaani Nani Atamwoa Jahili?, binti anaozwa mzee asiyemtaka, anatoroka, anapata elimu.

Mawaidha huwafikia waliokuja kuyasikiliza. Hadithi ya mapenzi huazimwa mkono kwa mkono, ikamfikia hata aliye ndani.

Mwaka 2007 vitabu vya mapenzi vilichomwa moto hadharani mjini Kano. Upuuzi hauchomwi, hupuuzwa.

Basi mzazi, ukimkuta bintiyo na kitabu cha namna hiyo, usikitupe. Kisome kwanza. Huenda mna neno ambalo haya zimemzuia kukwambia.