Rangi za Vitufe na Taa za Mitambo: Suala la Istilahi na Usalama

Imezoeleka kudhaniwa kwamba rangi za mitambo ni lugha isiyohitaji mkalimani: kijani ni kuanza, nyekundu ni kusimama, basi. Dhana hiyo, iliyojengwa na taa za barabarani zaidi kuliko viwanda vyenyewe, huwafanya wafasiri wa miongozo ya mitambo waipite sehemu ya rangi kana kwamba haina utata. Makala haya yanashikilia kwamba utata upo, na kwamba ni wa lugha kwa kiasi kilekile ambacho ni wa uhandisi.

Kiwango kinachofuatwa katika nchi nyingi ni IEC 60204-1, kinachotolewa na tume ya kimataifa ya ufundi umeme iliyoanzishwa mwaka 1906 na yenye makao yake Geneva. Kwa mujibu wa kiwango hicho, rangi inayopendekezwa kwa kitufe cha kuanzisha mashine si kijani bali ni nyeupe. Kijani inaruhusiwa tu, kama zinavyoruhusiwa kijivu na nyeusi. Kitufe cha kusimamisha hupendekezwa kiwe cheusi. Kitufe chekundu cha kusimamisha huvumiliwa, lakini hakishauriwi kiwapo karibu na kifaa cha dharura. Kuanzisha kwa kitufe chekundu ni marufuku, na kusimamisha kwa kitufe cha kijani ni marufuku vilevile.

Mpango huu una sababu. Nyekundu imewekewa akiba kwa ajili ya dharura: kitufe chenye kichwa cha umbo la uyoga, chekundu juu ya usuli wa manjano, ambacho kikishabonyezwa hujifunga mpaka kifunguliwe kwa mkono, na ambacho kufunguliwa kwake peke yake hakupaswi kuiamsha mashine. Pale ambapo kila kitufe cha kusimamisha ni chekundu, jicho la mtu ambaye mwenzake amenaswa mkono baina ya roli mbili halina mahali pa kukimbilia.

Taa nazo zina mpangilio wake. Nyekundu huarifu hatari inayotaka hatua ya papo hapo, manjano huarifu hali isiyo ya kawaida, kijani hali ya kawaida, na buluu humtaka mwendeshaji afanye jambo la lazima. Nyeupe haina upande. Hadi hapo mfasiri hana shida kubwa. Shida humjia anapoingia katika vituo vya umeme, ambako desturi ya zamani, Marekani ikiwamo, ni kinyume: taa nyekundu huonyesha kwamba kikata umeme kimefungwa na umeme unapita, na ya kijani kwamba kimefunguliwa na njia imekatika. Fundi aliyezoea mashine za kiwandani huiona taa ya kijani akasema mambo ni ya kawaida. Wa kituoni huiona akasema hapana umeme.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapoongeza hatari yake chenyewe. Msemaji wa Kiswahili hufungulia redio ili isikike na huifunga ili inyamaze. Hufungulia maji yatoke na huyafunga yakome. Fundi umeme, kwa kufuata dhana ya saketi, husema njia iliyofungwa ndiyo inayopitisha. Basi kibao kilichofasiriwa neno kwa neno, kikasomeka «kimefunguliwa» kando ya taa ya kijani, kitamwambia mhandisi kwamba waya umekatika, na kitamwambia kibarua wa kawaida kwamba umeme umeachiliwa. Kingesomeka «kimefungwa», kibarua huyo angepeleka mkono kwenye waya wenye umeme. Hakuna ustadi wa rangi utakaoliondoa kosa hilo. Lililo sahihi ni kuiacha sitiari ya mlango kabisa na kuandika «umeme unapita» na «umeme umekatwa», hata kama maneno hayo ni marefu na kibao ni kidogo.

Vivyo hivyo kwa vitufe. Neno «Simama» juu ya kitufe humwamrisha aliyesimama mbele yake. Kinachotakiwa ni «Simamisha». Neno «Zima» lina utata mwingine, kwa kuwa mashine iliyosimamishwa yaweza kuwa bado ina umeme ndani yake, ilhali msomaji wa «imezimwa» huelewa kwamba imekufa. Viambishi vya unyambuaji, ambavyo wanafunzi wengi huviona kuwa ni zoezi la darasani tu, vina kazi ya kuokoa vidole.

Majina ya rangi yenyewe hayajatulia. Nyeusi, nyeupe na nyekundu zina mizizi inayopatanishwa na nomino: kitufe cheusi, vitufe vyeupe, taa nyekundu. Nyinginezo zimeazimwa kutoka kwenye vitu, kama jani, jivu na kiungo cha manjano, au kutoka lugha nyingine. Rangi ya amri ya lazima huitwa buluu na huyu, samawati na yule, na huenda mwongozo mmoja ukayatumia yote mawili, msomaji akadhani ni taa mbili. (Inafurahisha kwamba nyeupe na nyeusi, zinazopendekezwa kwa kuanzisha na kusimamisha, zimo miongoni mwa zile ambazo lugha ina maneno yake asilia.)

Atakayesema kwamba maneno hayana haja madhali rangi ipo akumbuke kwamba miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takribani mmoja katika 12 ana upungufu wa kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Ndiyo maana kiwango cha IEC 60073 hakitaki maana muhimu za usalama zitegemee rangi peke yake, bali pia umbo, mahali au alama. Kibao chenye maneno ni msaada mmojawapo, na kazi ya kuyachagua maneno hayo haifai kuachiwa mwagizaji wa mashine. BAKITA na mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yangeweza kuanza na orodha fupi sana, ya vitenzi vinne na rangi saba, iliyojaribiwa kwa waendeshaji wenyewe kabla ya kuchapishwa.