Tahariri: Dawa kali ya chunusi isiuzwe Luena bila masharti yake

Kijana wa Luena mwenye chunusi nzito usoni ana haki ya kutibiwa sawa na kijana wa Lubumbashi, wa Kinshasa au wa Paris. Lakini dawa yenye nguvu kuliko zote dhidi ya ugonjwa huo, isotretinoini, haikuruhusiwa popote iuzwe peke yake kama vidonge vya kichwa. Iliruhusiwa pamoja na masharti: daktari wa kuiandika, vipimo vya damu, kipimo cha mimba kwa wanawake, na mtu wa kumrudia mwili unapokataa. Masharti hayo yakiachwa njiani, kinachofika kwa mgonjwa ni hatari yote na sehemu tu ya faida.

Luena, mji wa reli na makaa ya mawe katika jimbo la Haut-Lomami, unajua vizuri tofauti kati ya bidhaa na huduma. Sanduku la dawa hupanda treni ya SNCC au lori na kufika. Daktari bingwa wa ngozi hafiki. Anayemtaka hutazama upande wa Lubumbashi, na safari hiyo humaanisha siku za kazi zilizopotea, nauli na malazi. Ndiyo maana swali la madhara ya dawa hii haliwezi kujibiwa Luena kwa kunakili jibu la Ulaya. Lazima lipimwe kwa hali ya hapa.

Chunusi nzito si jambo la urembo tu

Wazazi wengi huona chunusi kama jambo la umri litakalopita. Kwa vijana wengi hupita kweli. Lakini kuna aina nyingine: mavimbe makubwa yenye usaha chini ya ngozi, yanayouma hata mtu akilaza shavu kwenye mto, ambayo hupona na kuacha mashimo au makovu yaliyovimba. Kwenye ngozi nyeusi huongezeka madoa meusi yanayokaa miezi mingi baada ya kipele kukauka. Aina hii haitokani na uchafu wala vumbi la makaa. Inatokana na mafuta ya ngozi yanayozidi chini ya nguvu ya homoni, vinyweleo vinavyoziba, bakteria na uvimbe. Kuisugua kwa sabuni kali kunaizidisha.

Methali inasema mwenye kovu usidhani kapoa. Msichana anayeacha kwenda shuleni kwa kuchekwa, au kijana asiyethubutu kusimama mbele ya watu, ana ugonjwa unaostahili tiba. Anayemwambia avumilie tu hajapima upande huo wa mizani.

Dawa inayofanya kazi kweli

Isotretinoini inatokana na vitamini A. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na watu wengi waliijua kwa majina ya Roaccutane, Accutane au Curacné. Hupunguza tezi zinazotoa mafuta ya ngozi na kugusa vyanzo vyote vinne vya chunusi kwa pamoja, jambo ambalo dawa nyingine haifanyi. Kwa wagonjwa wengi, tiba moja ya miezi minne hadi sita huleta utulivu wa muda mrefu.

Lakini hesabu yake ni ndefu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na madaktari wengi hulenga jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo. Msichana wa kilo 50 atahitaji miligramu 6000 hadi 7500, yaani vidonge 300 hadi 375 vya miligramu 20. Lazima vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kama bukari na sombe iliyopikwa kwa mawese, la sivyo mwili huchukua kidogo tu. Katika wiki za kwanza chunusi zinaweza hata kuongezeka. Anayenunua kipande cha vidonge kumi, akimeza hadi fedha ziishe na kuacha, amelipa gharama na kubeba madhara bila kufikia tiba.

Madhara madogo na makubwa

Karibu kila mgonjwa hukaukwa midomo. Wengi hukauka macho, hutokwa damu puani, huumwa misuli na kuungua haraka kwa jua. Wengine hupungukiwa uwezo wa kuona usiku, jambo zito kwa anayeendesha pikipiki gizani. Haya yanavumilika au kupungua dozi ikishushwa, na mara nyingi huisha dawa ikiisha.

Kuna mengine yasiyoonekana kwa macho. Dawa inaweza kupandisha mafuta kwenye damu na kuchosha ini, ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kuanza na tena baada ya muda. Anayekunywa lutuku kila jioni anaongeza mzigo juu ya ini hilo hilo. Na anayechanganya isotretinoini na doksisaiklini, dawa nyingine inayotumika sana kwa chunusi, anaweza kupata shinikizo ndani ya kichwa linaloleta maumivu makali na kuharibu macho. Mchanganyiko huo umekatazwa.

Kuhusu huzuni kali, ukweli una pande mbili. Tafiti kubwa zilizolinganisha makundi ya wagonjwa hazijaonyesha kwamba dawa hii huwaletea wengi huzuni. Baadhi yao hata hupata nafuu ya moyo uso unapopona. Hata hivyo zipo taarifa za wagonjwa waliobadilika tabia au kufikiria kujiua. Uingereza iliamua mwaka 2023 kwamba kwa mgonjwa chini ya miaka 18 wataalamu wawili lazima wakubaliane kabla ya dawa kuanzishwa. Familia ya mgonjwa inapaswa kujua dalili za kuangalia: kutolala, kujitenga, hasira isiyo ya kawaida.

Mimba ndiyo mstari mwekundu

Dhara kubwa kuliko yote halimpati anayemeza dawa. Linampata mtoto aliye tumboni. Isotretinoini, hata kwa siku chache, inaweza kuharibu ubongo, moyo, uso na masikio ya mtoto. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulifuatilia mimba 154 zilizokutana na dawa hii. Mimba 95 zilitolewa kwa hiari. Kati ya 59 zilizobaki, 12 ziliharibika, watoto 21 walizaliwa na kasoro, na 26 tu hawakuwa na kasoro kubwa.

Ndiyo sababu Marekani, tangu mwaka 2006, huwasajili wagonjwa wote na kudai kipimo cha mimba kila mwezi kwa mwanamke anayeweza kuzaa. Ufaransa, tangu mwaka 2015, daktari bingwa wa ngozi peke yake ndiye anayeweza kuandika dawa hii kwa mara ya kwanza. Kanuni ya Ulaya ni kwamba mwanamke atumie njia ya uhakika ya kuzuia mimba mwezi mmoja kabla ya tiba, muda wote wa tiba, na mwezi mmoja baada yake.

Sasa kanuni hiyo ipimwe kwa Kongo. Uchunguzi wa kitaifa wa watu na afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba wasichana 27 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au walikuwa na mimba. Kati ya wanawake walioolewa, wapatao 8 tu kwa 100 walitumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Umri wa chunusi nzito ndio umri huo huo. Msichana asiyeweza kumwambia mama yake kwamba anahitaji kuzuia mimba, na asiyeulizwa lolote na muuza dawa, anaingia katika hatari ambayo hakuna mtu aliyemweleza. Karatasi iliyo ndani ya sanduku inaeleza, lakini mara nyingi kwa Kifaransa cha kitaalamu, wakati nyumbani watu wanaongea Kiswahili na Kiluba.

Jambo lingine husahaulika: damu. Mtoto mwenye malaria kali anapoishiwa damu, au mama anapotokwa damu nyingi akijifungua, mara nyingi ndugu ndio wanaoitwa kutoa. Anayetumia isotretinoini, mwanaume kwa mwanamke, hapaswi kutoa damu wakati wa tiba wala ndani ya mwezi mmoja baada ya kumaliza, kwa sababu damu hiyo inaweza kumfikia mama mwenye mimba. Kijana aliyejinunulia vidonge kwa siri hataulizwa hospitalini, na hatajua kwamba ilimpasa kusema.

Krimu pia ni dawa kali

Wengine watasema Luena haina haja ya kujadili vidonge ambavyo wachache huvimudu. Lakini tabia ya kununua nguvu bila maelezo tayari ipo, na inaonekana kwenye krimu. Krimu za steroidi kali kama klobetasoli na betametasoni huuzwa sokoni katika miji mingi ya Kongo, mara nyingi kwa ajili ya kung'arisha ngozi. Anayezipaka kwenye chunusi huona uvimbe ukishuka haraka na kufikiri amepona. Akiacha, chunusi hurudi kwa nguvu zaidi. Akiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na dawa inayoingia mwilini inaweza kuvuruga homoni, sukari na presha. Jirani yetu Rwanda ilifika mahali pa kuzipitia duka kwa duka na kuziondoa bidhaa za kuchubua ngozi, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019.

Kwa hiyo anayekataa isotretinoini kwa kuogopa madhara, kisha akapaka krimu ya steroidi kila asubuhi, hajakwepa madhara. Amechagua mengine, bila faida ya kudumu.

Njia ya kwanza ni ya kawaida na ya bei nafuu zaidi. Benzoili peroksaidi ya asilimia 5 iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hukausha ngozi kidogo na kutoa rangi ya kitambaa, lakini haina hatari ya isotretinoini. Chunusi za kati zinaweza kuongezewa doksisaiklini kwa muda mfupi, kwa kawaida usiozidi miezi mitatu, na kamwe si kwa mama mwenye mimba. Matokeo huonekana baada ya wiki sita hadi nane, si siku sita. Vijana wengi wangetosheka hapo kama mtu angewaambia wasubiri.

Kinachowezekana hapa

Kuna hoja ya haki ambayo haifai kupuuzwa: masharti makali yanaweza kuwa ukuta kwa maskini. Mwenye fedha atapanda ndege hadi Kinshasa, mwana wa mchimba makaa atabaki na makovu. Hoja hiyo ni kweli, lakini jibu lake si kufungua mlango bila mlinzi. Jibu ni kuyaleta masharti karibu.

Daktari wa hospitali kuu anaweza kuanza tiba baada ya kushauriana kwa simu na bingwa wa Lubumbashi, na kuandika dozi kwa kilo. Kipimo cha mimba cha mkojo ni rahisi na kinaweza kufanywa katika kituo cha afya. Dawa itolewe ya siku 30 tu kwa mara moja, na mwezi unaofuata utolewe baada ya kipimo kipya. Farmasi isiyoona karatasi ya daktari isiuze. Maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kiluba yaandikwe na eneo la afya. ACOREP, mamlaka ya Kongo inayosimamia madawa, iwatume wakaguzi hadi kwenye miji ya reli. Hilo ni muhimu pia kwa sababu ya dawa bandia: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya 10 ni mbovu au ya uongo.

Kwa msichana ambaye hawezi kupimwa mimba na hana njia ya uhakika ya kuizuia, jibu la leo ni "bado". Si "kamwe". Aanze na tiba za kwanza huku akiandaliwa. Kwa kijana mwenye mavimbe yanayoacha makovu, aliyejaribu dawa nyingine bila mafanikio na anayeweza kupimwa damu, faida inaweza kuzidi hatari, na kumnyima ni kumwonea. Mwanamke ambaye tayari anatumia dawa hii na kuchelewa kuona siku zake aiache mara moja na amwone daktari siku hiyo hiyo, bila aibu.

Wazazi wa Luena nao wana kazi yao, na haihitaji fedha. Waulize watoto wao wanapaka nini na wanameza nini, wasome jina kwenye sanduku, na walipeleke sanduku hilo kwa muuguzi kabla ya kidonge cha pili.