Kabla ya Kubadilisha Prosesa, Tazama Diski



Limezuka neno hapa kwetu Buyenzi, na sidhani kama limeishia Buyenzi: kompyuta ya nyumbani ikiwa nzito, basi ibadilishwe prosesa. Mtoto anasema hivyo kwa sababu ameona kwenye video, fundi anaitikia kwa sababu ni kazi, na mzazi anatoa pesa kwa sababu hajui aulize nini. Mimi naona kwamba mara nyingi pesa hiyo inapelekwa pasipo mahali pake, na ni pesa ya ada, au ya sare, au ya mchele.

Tuchukue mfano wa mashine ya mezani ambayo haikosekani kwenye maduka ya mitumba, Dell OptiPlex 3020. Ndani yake unaweza kukuta prosesa ya Core i3-4130 iliyotoka mwaka 2013, memori ya GB 4, na diski ya kuzunguka. Ukiiwasha asubuhi unaweza kuandaa chai ukarudi bado inafunguka. Je, kosa ni la prosesa? Diski ile ina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na sindano inayokimbia huku na huku kutafuta kila kipande cha kazi. Vipande vikiwa vingi na vimetawanyika, inaweza kushughulikia kama mia moja tu kwa sekunde. Diski ya SSD haina kinachozunguka, na vipande vya namna hiyo inavisoma kwa maelfu mengi kwa sekunde ile ile. Buyenzi ni mji wa mafundi magari, kwa hiyo tutaelewana nikisema hivi: mrija wa mafuta ukiziba, hata ukileta injini ya lori, gari halitapanda mlima.

Kipimo chake hakigharimu hata faranga moja. Kompyuta ikiwa katika uzito wake ule ule, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Linafunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, memori na diski zinavyofanya kazi. Jirani yangu mmoja alikuwa ameshakubaliana na fundi kuwekewa Core i7. Tulipolifungua dirisha hilo pamoja, diski ilikuwa imekaa kwenye 100 haibanduki, na prosesa haifiki hata 20. Alinunua SSD na kipande cha pili cha memori, ikafika GB 8. Fundi alinuna kidogo.

Sisemi prosesa isibadilishwe kamwe. Ukishaweka SSD na memori ya kutosha, na bado asilimia ya prosesa inapanda hadi 100 mtoto anapofuatilia somo la video huku ameandika kazi yake pembeni, hapo neno lina msingi. Ile i3 ina viini viwili, yaani kama watu wawili dukani. Core i5-4590 ya mwaka 2014 ina vinne, na inaingia katika soketi ile ile ya LGA 1150. Kwa nyumba ya wanafunzi inatosha. Core i7-4790 ina viini vinne pia, ila kila kimoja kinashika kazi mbili kwa zamu. Anayekata na kuunga video ataiona faida, anayeandika barua haioni. Halafu kuna joto. i3 ile imepimiwa wati 54, na hizi mbili wati 84. Kasha likiwa dogo, limejaa vumbi, na feni imechoka, prosesa kubwa itajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na utakuwa umenunua mbio usizozipata.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba si kila prosesa inaingia kila mahali. Madabodi ya 3020 ina chipseti ya H81, na safari yake inaishia kizazi cha 4. Hata ukubwa wa soketi unadanganya: prosesa za Intel za kizazi cha 6 na za kizazi cha 8 zote ni za LGA 1151, lakini za kizazi cha 8 hazikutengenezwa kufanya kazi kwenye madabodi za kizazi cha 6. Zinakaa vizuri, na mashine haiwaki. AMD walikuwa waungwana zaidi. Soketi yao ya AM4 ilipokea Ryzen kuanzia mwaka 2017 hadi za familia ya 5000, ingawa mara nyingi lazima bayosi isasishwe kwanza.

Na msikubali kuambiwa kwamba i7 hiyo ya kizazi cha 4 itawafikisha Windows 11. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa prosesa chache sana, kizazi cha 8 na kuendelea. Kwa mashine hizi njia nyepesi ni Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo ni ya bure na mtoto anaizoea ndani ya wiki.

Ukiamua kubadilisha, kaa pale pale fundi anapofanya, na mtoto awepo aone. Prosesa za Intel za aina hii hazina miguu. Sindano ndogo ziko ndani ya soketi ya madabodi, na moja ikipinda unaweza kuwa umepoteza madabodi nzima. Dawa ya joto ya zamani ifutwe, ipakwe mpya, kiasi cha punje ya njegere. Soma jina lililochongwa juu ya kifuniko kabla halijafunikwa, na mashine ikiwaka lisome tena kwenye kioo, yalingane. Iache ifanye kazi nzito kwa saa moja hapo hapo dukani. Prosesa ya zamani ni mali yako, iombe: i3 hiyo bado ina mnunuzi.